Njia ya Nyuma ya Goli

Jioni ya hukumu nilifunika chakula cha mume wangu kwa sahani, nikaweka kitambaa juu yake, kisha nikakaa mlangoni kumsubiri. Kitambaa kilikuwa mazoea tu. Sisi tunaishi chini ya jukwaa la uwanja wa mpira, vyumba viwili ambavyo dari yake inashuka kwa ngazi, na siku za mechi watu wakirukaruka juu ya vichwa vyetu vumbi hutushukia mpaka kwenye sufuria. Siku ile hakukuwa na mechi. Uwanja ulikuwa mtupu kabisa, na mimi nimefunika sahani kana kwamba jukwaa limejaa.

Alikuwa ameondoka asubuhi kwenda mahakamani kusikiliza mwisho wa kesi ya uwanja. Giza lilishaingia, yeye hajaingia. Nilipiga simu yake, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Simu ile hata ikipokelewa haina faida kubwa, maana matundu yake yamejaa chokaa, na anayeongea humo unamsikia kama yuko ndani ya gunia.

"Mama, mwache baba wa watu," kitinda mimba wangu alisema. Alikuwa amekalia ndoo, madaftari ya shule mapajani. "Yuko njiani. Labda anatembea kinyumenyume."

Nilitaka kumgombeza, nikajikuta nacheka, kisha nikakasirika kwa kuwa nimecheka.

"Unaona ni mchezo? Kesho tunaweza kuwa tumekaa barabarani na masufuria yetu."

"Klabu ikishindwa?"

"Klabu ikishindwa tunaondoka nayo. Ikishinda, wanatuondoa sisi."

"Sasa wewe unaomba nini?"

Hilo ndilo lililokuwa likinitafuna tangu asubuhi. Mji mzima ulikuwa na upande wake. Watu wa klabu waliomba washinde, watu wa nyuma ya ukuta nao waliomba washinde. Mimi peke yangu sikuwa na dua. Ili mtu aelewe tulifikaje hapo, inabidi nimweleze kwanza mume wangu ni mtu wa namna gani.

Wanamwita Chokaa. Jina alilopewa na wazazi wake lipo kwenye kitambulisho, na nadhani ni hapo tu linapotumika. Kazi yake ni kutunza uwanja: kukata nyasi, kuziba mashimo, kufunga nyavu, kufukuza mbuzi. Ila mistari ndiyo iliyompa jina. Anafunga kamba kwenye vijiti viwili, anaivuta mpaka ukiigusa inalia, kisha anachukua kopo lililotobolewa matundu chini, analijaza chokaa, na kuanza kurudi nyuma akilitikisa juu ya kamba. Anarudi nyuma ili asikanyage alichokichora. Klabu iliwahi kumnunulia kigari cha magurudumu cha kuchorea mistari. Alishukuru sana, akakiingiza stoo, akakifunika kwa turubai, na huko ndiko kiliko mpaka leo.

Ukiishi na mtu wa hivyo unazoea. Viatu vyetu vina mstari wao mlangoni, na mgeni akiviweka nje ya mstari Chokaa hawezi kufuatilia mazungumzo. Akiwa anaongea na mimi huku anatoka, hutoka kinyumenyume. Ameshakaa kwenye beseni langu la jezi mara nyingi tu, kwa kuwa jezi za klabu nafua mimi, na beseni nimeliweka mahali palepale miaka yote. Kila mara huniuliza ni nani amelisogeza.

Alikuja hapa akiwa kijana, golikipa wa akiba. Golikipa wa kwanza hakuumia hata siku moja. "Nilimwombea homa yule bwana mpaka nikachoka," huniambia, "akazidi kunenepa." Mwalimu wa timu alipoona kijana anakaa bure akampa kopo la chokaa. Mstari wake wa kwanza ulipinda kiasi kwamba mwamuzi aliuliza kama hapo pamepita mto. Watu walivunjika mbavu. Kesho yake Chokaa akaenda kununua kamba. Wachezaji wa wakati ule wote wameshaondoka, wengine wana vitambi na wajukuu, yule golikipa aliyenenepa sasa anauza matairi. Chokaa bado yupo.

Mimi wakati huo nilikuwa binti, nafua mashuka katika zahanati iliyo ng'ambo ya uwanja. Kwetu ni nyuma ya ukuta. Ukuta huo ulikuwa na mlango mdogo wa chuma ambao haukuwahi kufungwa, na mtaa wetu wote ulikatisha uwanjani kwenda zahanati, sokoni na shuleni. Wengine walipita pembeni. Mimi nilipita katikati, kwa sababu ndiko kulikokuwa karibu, na nilikuwa mchelewaji.

"We dada! Hujauona mstari?" alinipigia kelele siku moja.

"Nimeuona. Mzuri."

"Sasa mbona unaukanyaga?"

"Kwani unaumwa?"

Ikawa ndiyo salamu yetu. Yeye anafoka, mimi napita, viatu vyangu vinafika kazini vyeupe kama vya nesi. Mpaka asubuhi moja nikaingia kwa mlango mdogo nikakuta mistari miwili myembamba imeanzia kizingitini, ikazunguka nyuma ya goli, ikafuata uzio mpaka geti la mbele. Katikati yake mtu anaenea vizuri na mtoto mgongoni. Chokaa alikuwa amesimama kando, kopo mkononi, kama mtu aliyeleta posa.

"Hii ya nani?" nilimuuliza.

"Ya kwako, dada. Pita humo, uniachie uwanja wangu."

Nikapita. Kesho yake wakapita wenzangu, kisha watoto wa shule, kisha wagonjwa wanaoshikwa mkono. Mimi na yeye tuliendelea kusalimiana kwenye mistari hiyo mpaka wazee wetu wakakutana. Tangu wakati huo, kila alipochora uwanja alimalizia na njia ya watu. Hakuna kiongozi wa klabu aliyemwagiza na hakuna aliyemkataza. Nadhani wengi wao walidhani ni sehemu ya mpira.

Watoto wetu nimewalea chini ya miguu ya mashabiki. Binti yangu mkubwa alizoea kelele tangu mchanga, alilala fofofo watu wakishangilia, akalia uwanja ukinyamaza. Goli nililijua kwa dari. Vumbi likishuka kwa mkupuo, wamefunga wetu. Likichuruzika polepole, watu wanajiondokea, tumefungwa. Mimi ni mtu wa hofu tangu kuzaliwa, sikatai. Nilihofia dari hiyo, nilihofia nyoka kwenye nyasi ndefu, nilihofia mpira utavunja dirisha na kumwangukia mtoto. Hofu kubwa ilikuwa kwamba nyumba si yetu. Tulipohamia, katibu wa zamani alimwambia mume wangu, "Kaeni hapo kwanza." Juu ya hilo "kwanza" ndipo tulipozalia, tukasomeshea, tukaozeshea.

Halafu akaja mwenyekiti wa sasa. Si mtu mbaya, hilo niliseme. Hapiti bila kuniuliza habari za jezi. Ila ni mtu wa mipango. Alikuja na michoro ya maduka na ukumbi wa mazoezi, vyote vijengwe upande wa nyuma, palepale inapopita njia. Watu walipouliza kwa ruhusa ya nani, akatoa hati yenye jina la klabu. Watu wa nyuma ya ukuta wakasema hati au si hati, ule uwanja ni eneo la wazi, ni wa umma, klabu waliukuta na wakakaribishwa kucheza. Wakaenda mahakamani. Na aliyetangulia mbele, fulana ya kampeni kifuani, alikuwa shoga yangu wa utotoni, fundi cherehani, ambaye nyumba yake imeegemea ukuta na ambaye ndiye hushona jezi zilizochanika.

"Nisamehe, shoga," aliniambia. "Nimeishtaki klabu. Sikukushtaki wewe."

"Na mimi nakaa wapi, mawinguni?"

"Wakikufukuza utakuja kwangu. Nitakutandikia chini ya cherehani."

"Na hiyo miguu yako inavyokanyaga? Afadhali jukwaa."

Tulicheka, lakini kila mmoja alirudi kwake na moyo mzito. Muda si mrefu wakili wa klabu akashauri mlango mdogo ufungwe, asije mtu akadai kwamba umma unapita. Ukatiwa kufuli kubwa, ufunguo akauchukua mwenyekiti. Mtaa mzima ukaanza kuzunguka barabara kuu, kwenye malori. Binti yangu mkubwa ameolewa hukohuko nyuma ya ukuta na alikuwa na mtoto mchanga wa kupeleka kliniki. Kila nilipolisikia lori linafunga breki, moyo wangu uliruka kutoka kifuani, na haukurudi mpaka nimempigia simu.

"Mama, niko jikoni," alinijibu.

"Kaa hukohuko."

Fundi na mimi tulibaki na upenyo ulio chini ya mlango. Jezi zilizochanika nilizisukuma kwa hapo, akazirudisha kwa hapohapo zimeshonwa, pamoja na umbea wote wa mtaa. Chokaa aliacha kuichora njia kwa kuwa haina wa kuipita. Lakini akimaliza uwanja nilimwona anakwenda nyuma ya goli, anasimama kidogo na kopo lake, halafu anarudi.

Ndipo ikatangazwa kwamba jaji atakuja kuuona uwanja kwa macho yake. Mwenyekiti alikuja kwetu mwenyewe, akasimama mlangoni.

"Chokaa, nataka jaji akiingia hapa aone klabu. Paka chokaa kila kitu. Chora mistari yote, kama siku ya fainali."

"Yote, mwenyekiti?"

"Yote. Usiniachie hata mmoja."

Sijawahi kumwona mume wangu amefurahi vile. Alipaka nguzo, alipaka mawe, alipaka ukuta wa nyuma kutoka pembe hadi pembe, akapaka na mlango mdogo pamoja na kufuli lake. Alichora uwanja mpaka ukawa kama karatasi ya mtihani. Mimi niliona anaelekea nyuma ya goli na kamba. Nilimwona kabisa. Nikajiambia mwenyekiti amesema yote, nikaendelea kufua.

Jaji alikuwa mama wa makamo, miwani puani, viatu vya kutembelea. Alikuja na karani wake, mawakili wa pande zote, mwenyekiti, fundi na wenzake. Mimi nilikuwa kwenye beseni langu, na kutoka hapo unasikia kila kitu, uwanja unabeba sauti. Walizunguka, wakasimama nyuma ya goli. Wakili wa klabu alikuwa akieleza kwa mkono.

"Kama unavyoona, mheshimiwa, hapa ni pa mchezo tu. Hakuna matumizi mengine yoyote, na hayajawahi kuwepo."

Jaji alikuwa anatazama chini. Alikuwa amesimama katikati ya mistari miwili.

"Na hii? Hii ni ya mchezo gani?"

Wakili akatazama. Mwenyekiti akatazama. Akaitwa mtunza uwanja. Chokaa alikuja mbio. Tangu aanze kazi hii hakuna mtu aliyewahi kumuuliza habari za mistari yake, na sasa anamuuliza jaji.

"Hiyo si ya mchezo, mheshimiwa. Hiyo ni njia ya watu."

"Watu gani?"

"Wote. Wa nyuma ya ukuta. Wanapita kwenda zahanati."

"Ana maana ya wanachama," wakili aliingilia.

"Hapana, bwana wakili. Wanachama wana magari, wanaingia getini."

Mtu mmoja alicheka. Jaji hakucheka.

"Uliichora lini?"

"Hii ya leo, jana. Ya kwanza nilikuwa sijaoa."

"Na nani alikuagiza?"

Hapo mume wangu akageuka, akaninyooshea kidole, mimi na mikono yangu kwenye povu. "Yule pale, mheshimiwa, mke wangu. Alikuwa ananiharibia uwanja."

Wote wakageuka. Niliinamia beseni, nikaisugua jezi ya golikipa ambayo ilikuwa imeshatakata zamani. Nilipoinua kichwa, jaji alikuwa anatembea ndani ya ile mistari, polepole, mpaka kwenye mlango mdogo. Akaligusa kufuli. Kidole kikatoka cheupe. Akamwambia karani kitu, karani akaandika.

Wageni walipoondoka mwenyekiti alibaki.

"Chokaa, nilikwambia uchore mistari ya uwanja."

"Ulisema yote, mwenyekiti."

"Yote!"

"Ndiyo. Kuna uliosahaulika?"

Mwenyekiti alimtazama, akatazama nyasi, akaingia garini bila kuaga. Aliyekuja kunieleza pembeni ni katibu. Wakili ameonya Chokaa asiguswe kwa sasa, itaonekana vibaya mbele ya mahakama. "Lakini tukishinda tu, mama," alisema, "anza kufungasha."

Nilimwambia mume wangu alipokuja kula. Alifikiri sana.

"Nimekosea wapi? Ni mstari upi ulipinda?"

"Hakuna uliopinda, baba. Kula."

Sasa jioni ile, nimekaa mlangoni, sahani imefunikwa, nikasikia sauti kutoka upande wa ukuta. "Shoga! We shoga!" Nilichukua tochi nikakimbia nyuma ya goli, nikapiga magoti kwenye ule upenyo. Niliona ndala za fundi zinacheza.

"Tumeshinda!" alisema. "Hati imefutwa! Maduka hayajengwi! Uwanja wa umma!" Kisha ndala zikatulia. "Shoga, upo?"

"Nipo."

"Nisamehe."

"Hongera. Mume wangu yuko wapi?"

"Tulimwacha mahakamani anamfuata karani nyuma kama deni. Shoga, jaji alimtaja."

"Kamtaja kwa mabaya?"

"Hata sijui. Nilikuwa napiga vigelegele."

Nilibaki nimepiga magoti pale kwenye umande. Basi ndiyo hivyo, nilijiambia, tunaondoka na klabu. Nikaanza kupanga kichwani nini kitabebwa kwanza: kitanda, beseni, cherehani sina, kabati lile halitapita mlangoni kwa kuwa lilitengenezewa humo humo ndani. Fundi alipenyeza vidole vyake chini ya mlango. Nikavishika. Vilikuwa na chokaa, kwa sababu kila kitu hapa kina chokaa.

Chokaa aliingia kwa geti la mbele, kwa miguu, viatu begani. Nilimlaki kabla hajafika kwenye mstari wa viatu.

"Mbona simu hupokei?"

"Iliita?"

"Nasikia jaji amekutaja."

"Amenitaja." Alikaa. Alikuwa na uso wa mtu aliyepigiwa makofi ambayo hajui ni ya nini. "Amesema 'mtunza uwanja'. Nimesikia vizuri kabisa. Halafu akasema 'aendelee'."

"Aendelee na nini?"

"Aendelee. Halafu akasema 'hadi'."

"Hadi nini?"

"Hapo ndipo fundi wako alipopiga kigelegele."

Kitinda mimba alijifunika uso kwa daftari. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Nilimfuata karani anirudilie," Chokaa aliendelea, "akasema anafunga ofisi. Kesho asubuhi anakuja mwenyewe na mwenyekiti, mlango wa nyuma ufunguliwe mbele yake, ndipo atatusomea. Kasema mlango usipofunguliwa, mambo yatarudi mahakamani upya."

"Na mwenyekiti atakubali kuleta ufunguo?"

"Hilo muulize mwenyekiti." Akafunua sahani, akatazama kitambaa. "Kulikuwa na mechi?"

Alikula akamaliza, akalala kama mtoto. Mimi nililala na "hadi". Ni neno fupi, lakini nililigeuza kila upande. Hadi mwisho wa mwezi? Hadi klabu ihame? Hadi apatikane mtu wa manispaa mwenye kigari? Nikamkumbuka yule katibu wa zamani na "kwanza" yake, nikajiona mwanamke aliyekaa maisha yake yote kati ya "kwanza" na "hadi". Ajabu ni kwamba wazo hilo lilinituliza kidogo. Nikapitiwa na usingizi.

Asubuhi nyuma ya ukuta kulishajaa. Tuliwasikia kabla hatujawaona, watoto wa shule, wanawake wa sokoni, na binti yangu mkubwa akiita, "Mama, nimekuja na mjukuu wako, msichelewe, jua litampiga!" Mwenyekiti alifika na gari lake. Nilimtazama mikono. Ilikuwa mifukoni. Nilimtazama uso, nao haukuniambia kitu. Lakini aliniuliza habari za jezi.

Karani alitoa karatasi zake, akatafuta mahali, akasoma kwa sauti ya kuchoka. Kwamba mtunza uwanja aliyekutwa katika eneo hilo aendelee kukaa hapo na kuutunza uwanja kwa niaba ya umma, na ndiye atakayeufungua mlango wa nyuma kila asubuhi na kuufunga kila jioni, hadi manispaa itakapoelekeza vinginevyo. Klabu nayo itacheza kwa kuomba nafasi, kama wengine.

Niliona midomo ya mume wangu inarudia maneno. Mimi nilishindwa kuvumilia.

"Samahani, karani. Manispaa itaelekeza lini?"

Karani akavua miwani. "Mama yangu, taa ya mtaani kwetu manispaa walisema wataelekeza nikiwa sijaoa. Sasa nina wajukuu. Lala usingizi."

Hata mwenyekiti alicheka, na akicheka hivyo mkono ukatoka mfukoni ukiwa na ufunguo. Aliushika kidogo, akiutazama.

"Jumamosi tuna mechi," alisema. "Sasa sijui nikuombe wewe au niiombe manispaa."

"Niombe mimi, mwenyekiti," Chokaa alisema. "Manispaa haijui kamba iko wapi."

Akampa ufunguo. Chokaa aliuingiza kwenye kufuli, ukaingia nusu ukagoma. Tundu lilikuwa limeziba chokaa. Alizungusha, alipuliza, chokaa ikamrudia machoni.

"Kulikoni huko?" fundi alipaza sauti.

"Kufuli limeziba."

"Nani kaliziba?"

Kitinda mimba ndiye aliyejibu, "Alichora yote!" Kicheko kilichopanda nyuma ya ukuta kingetosha kushusha vumbi la dari yangu yote.

Nilikwenda ndani kuleta mafuta na kijiti cha kusukia nywele. Chokaa alichokonoa, akamimina, akasubiri, mwenyekiti akamshikia kofia. Kisha likalia kidogo, likafunguka. Mlango haukutaka kutoka mahali pake, chokaa ilikuwa imeushikamanisha na fremu. Tulivuta sisi, wakasukuma wao, ukaachia kwa mkupuo na vipande vyeupe vikatumwagikia vichwani. Mbele kabisa alikuwa fundi, mguu tayari umeinuliwa kuvuka kizingiti, nyuma yake binti yangu na mtoto.

"Simama hapo hapo!" Chokaa alipiga kelele. "Msikanyage! Sijachora!"

"Shemeji, tunachelewa!"

"Kesi nzima mmesubiri, mtashindwa kusubiri kamba?"

Mwenyekiti alikuwa ameshaokota kijiti kimoja, bila kuagizwa, akakichomeka ardhini karibu na kizingiti. Chokaa akamwambia akisogeze kidogo kushoto. Akakisogeza. Mume wangu akafunga kamba, akaivuta mpaka ikalia, akajaza kopo, akaanza kurudi nyuma kuelekea goli. Fundi alishusha mguu wake, upande wake wa kizingiti, akaniangalia akitikisa kichwa. Mlango ulikuwa mzito kwa chokaa na ulitaka kurudi wenyewe, nikauegemea kwa mgongo, nikanyoosha mikono, binti yangu akanipa mtoto.